Homoni, njaa na unene kwa vijana wa balehe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wazazi, walezi, walimu na vijana wenyewe wa Mwanza na vitongoji vya ziwani. Umri tunaouzungumzia ni miaka 10 hadi 19. Hayachukui nafasi ya daktari. Hapa utajua umwulize nini, na fedha yako usiitupe wapi.

Kijana wangu amenenepa. Je, ni homoni?

Homoni zinahusika katika kila unene, lakini unene unaoletwa na tezi inayoumwa ni nadra. Vijana wengi wananenepa kwa mchanganyiko wa chakula, usingizi haba, kukaa sana, na asili ya ukoo, ambayo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Kipimo cha kwanza hakihitaji sindano. Ni urefu. Kijana mwenye unene wa kawaida huwa sawa na wenzake au amewapita, kwa kuwa lishe nyingi huharakisha ukuaji wa mifupa. Yule ambaye tezi ya shingo imepungukiwa nguvu, au mwenye kortisoli (homoni ya mawazo na mshtuko) nyingi, au aliyepungukiwa homoni ya ukuaji, huongezeka kilo huku urefu umesimama. Iangalie sare ya shule. Sketi inayobana kiunoni na pindo limepanda juu ya magoti inaonyesha mtoto anayekua pande zote. Sketi inayobana kiunoni lakini pindo liko palepale tangu mwaka jana, hiyo ipeleke hospitali pamoja na mwenye nayo.

Kabla ya balehe mtoto huongezeka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Chini ya 4 kuna la kuuliza. Balehe ikichanganya, msichana hufikia takriban 8 kwa mwaka na mvulana 9 hadi 10. Tahadhari moja: msichana akishavunja ungo hubakiwa na sentimita chache tu, mara nyingi 5 hadi 7 kwa jumla. Basi binti wa miaka 16 aliyeacha kurefuka hana ugonjwa kwa hilo peke yake.

Nampimaje nyumbani?

Avue viatu, na aliyesuka rasta za kurundika utosini azishushe. Visigino, makalio na mgongo viguse ukuta, macho yatazame mbele. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa kikiwa kimelala sawasawa dhidi ya ukuta, chora mstari chini yake, pima kwa futi ya fundi cherehani. Rudia mara mbili. Pima asubuhi, kwa sababu jioni mtu hupungua karibu sentimita nzima. Mizani iwe sakafuni, si juu ya mkeka wala zulia.

Kisha tafuta BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu: kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Binti wa miaka 14 mwenye kilo 60 na mita 1.55: 1.55 mara 1.55 ni 2.40, 60 gawa kwa 2.40 ni 25. Kwa mtu mzima hapo ndipo uzito unapoanza kuzidi. Kwa binti huyu, jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007 linaweka mpaka wa uzito uliozidi kwenye 22.7, na wa kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, kwenye 27.3. Kwa mvulana wa umri huo mipaka ni 21.8 na 25.9. Kosa linalotokea mara nyingi ni kutumia mipaka ya watu wazima, 25 na 30, kwa mtoto wa darasa la saba: anaambiwa yuko salama wakati alishavuka zamani.

Tumbo lake ni kubwa lakini mikono na miguu ni myembamba. Huo ni unene?

La. Kwetu ziwani tumbo la namna hiyo liangaliwe kwanza kwa kichocho cha tumbo, ambacho hukuza ini na bandama na mwishowe hujaza maji tumboni. Aliyekulia mwaloni, Ukerewe au kisiwa chochote, anayeoga na kuchota maji ziwani, apimwe choo. Kumpunguzia chakula kijana huyu ni kumwongezea ugonjwa.

Homoni zipi zinaleta njaa, na zipi shibe?

Grelini hutoka tumboni. Hupanda kabla ya mlo, hushuka baada ya kula, na ina mazoea: ukila saa saba mchana kila siku, itakubishia hodi saa saba hata siku ambayo huna haja. Iligunduliwa Japani mwaka 1999.

Leptini hutengenezwa na mafuta yenyewe ya mwili. Iligunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman kule New York. Kazi yake ni kuuarifu ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi, kwamba akiba ipo ya kutosha. Watu walidhani dawa ya unene imepatikana. Ikaonekana kwamba wanene wengi wana leptini nyingi mno, ila ubongo wao umeizoea, kama jirani wa baa ambaye hasikii tena muziki. Wapo watoto wachache sana duniani wanaozaliwa bila leptini kabisa: hawa hunenepa vibaya tangu miezi ya mwanzo na hawashibi. Kijana aliyeanza kunenepa darasa la sita si mmoja wao.

Leptini ina upande wa pili ambao wazazi hawausikii. Inaposhuka, ubongo unaamini kuna njaa nchini: unaongeza hamu ya kula, unapunguza joto la mwili na nguvu inayotumika, na kwa msichana unaweza kusimamisha hedhi. Ndiyo maana kumnyima kijana chakula ghafla humrudisha alikotoka, mara nyingi na kilo za ziada.

GLP-1 na PYY hutoka kwenye utumbo chakula kinapofika, hupunguza mwendo wa tumbo kumwaga chakula na kuupa ubongo habari za shibe. Habari hizo huchukua karibu dakika 20. Anayemaliza sahani kwa dakika tano ameshaongeza ya pili kabla ya ujumbe kufika.

Insulini, kutoka kongosho, huingiza sukari kwenye misuli na ini, na huamuru mafuta yahifadhiwe. Hii ndiyo ya kuichunga zaidi wakati wa balehe.

Kwa nini balehe hasa?

Kwa sababu homoni ya ukuaji inapopanda, mwili huisikia insulini kidogo. Katikati ya balehe usikivu huo hupungua kwa takriban robo hadi theluthi moja, hata kwa kijana mwembamba, kisha hurudi balehe ikiisha. Kongosho lenye afya huziba pengo kwa kutoa insulini zaidi. Kijana aliyeingia balehe akiwa mnene tayari anabeba mizigo miwili kwa pamoja, na hapo ndipo kisukari aina ya pili huweza kumshika akiwa na miaka 13 au 14.

Njaa ya ghafla ya miaka hiyo yenyewe ni halali. Mvulana anayerefuka sentimita 9 kwa mwaka lazima ale sana. Tazama urefu na kilo vinavyokwenda pamoja kwa miezi mitatu. Sahani moja haikupi picha.

Shingo yake ina weusi, nimesugua kwa dodoki na ndimu haitoki.

Acha kusugua, hiyo si nongo. Ngozi nyeusi, nene kidogo, laini kama mahameli, nyuma ya shingo, makwapani au kwenye mikunjo ya mapaja, mara nyingi inaonyesha insulini nyingi kwenye damu. Kusugua na kupaka krimu za kung'arisha huchubua na kuacha makovu, na baadhi ya krimu hizo zina steroidi, dawa za jamii ya kortisoli. Alama hiyo hufifia taratibu, kwa miezi, insulini ikishuka. Kijana mwenye shingo hiyo na uzito uliozidi apimwe sukari hata kama hajisikii kuumwa.

Labda ana umetaboli wa polepole, yaani mwili wake unachoma chakula taratibu?

Mara nyingi ni kinyume. Mwili mkubwa unachoma nguvu nyingi zaidi kwa siku kuliko mdogo, hata ukiwa umelala. Umetaboli hupungua kweli katika hali mbili: tezi ya shingo ikilegea, na mtu akijinyima chakula kupita kiasi.

Kuhusu tezi: inapolegea kijana husikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, hukosa choo, ngozi hukauka, masomo hushuka, na harefuki. Kilo inazoleta si nyingi, na sehemu yake ni maji. Kuna mtego hapa. Vijana wanene wengi hukutwa na TSH (homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi) iliyopanda kidogo, chini ya 10, huku homoni yenyewe ya tezi ikiwa sawa. Mara nyingi hayo ni matokeo ya unene, na hushuka uzito ukishuka. Kumwanzishia vidonge vya tezi kwa karatasi hiyo moja ni haraka ya bure. Rudieni kipimo kwanza.

Na mawazo?

Kortisoli ya mawazo huongeza hamu ya vitu vitamu, lakini haileti unene mkubwa peke yake. Ugonjwa wa kortisoli kuzidi ni jambo jingine: uso wa mviringo mwekundu au uliovimba, mikono na miguu kukonda, michirizi mipana ya zambarau tumboni, presha kupanda, na urefu kusimama. Michirizi myembamba mapajani vijana wengi wanaokua haraka wanayo.

Usingizi unahusianaje?

Sana, na ndio unaorekebishika bila shilingi. Miaka 13 hadi 18 inahitaji masaa 8 hadi 10. Kijana anayezima simu saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na nusu alfajiri awahi daladala ya kutoka Buhongwa amepata masaa matano na nusu. Usingizi ukipungua njaa huongezeka, hasa ya wanga na sukari, na usikivu wa insulini hupungua. Kisha mchana ananunua soda asisinzie. Simu ilale sebuleni, si chini ya mto. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini aonwe na daktari, maana usingizi wake haumfai hata akilala masaa kumi.

Binti hajaona siku zake miezi mitatu, ana chunusi na ndevu kidevuni.

Kwanza pimeni ujauzito, bila kugombana. Kama haupo, fikirieni vifuko kwenye ovari pamoja na homoni za kiume kuzidi. Hapa insulini nyingi ndiyo inayozichochea ovari kutoa androjeni, kwa hiyo kupungua uzito hata kidogo huweza kurudisha hedhi. Mwaka wa kwanza tangu kuvunja ungo hedhi kuruka ni kawaida. Baada ya hapo, siku 90 bila hedhi hata mara moja zinatosha kumpeleka. Vivyo hivyo akifika miaka 15 hajaona kabisa. Ultrasaundi ya ovari kwa msichana mdogo haisemi mengi, kwani ovari za umri huo zina vifuko vingi kiasili. Usilipie hiyo kabla ya kumwona daktari.

Mvulana ameota matiti na anaona aibu kuoga na wenzake.

Bonyeza taratibu chini ya chuchu. Kigumu kama kifungo, kinachouma kidogo: ni tishu ya titi inayoletwa na homoni za balehe, na wengi hupona kwa miezi 6 hadi miaka 2. Laini pote bila kifungo: ni mafuta. Upande mmoja tu unaokua haraka, au usaha: hospitali.

Dawa gani zinanenepesha?

Swali hili lingeulizwa la kwanza tungefurahi. Prednisoloni ya muda mrefu huongeza njaa na kujaza uso. Deksamethasoni na siproheptadini huuzwa kimyakimya kama dawa za kuongeza hamu au makalio, vidonge vichache ndani ya kikaratasi bila jina. Kwa deksamethasoni kinachoongezeka ni maji, mafuta ya uso na tumbo. Misuli na mifupa hupungua, sukari hupanda. Kwa prednisoloni na deksamethasoni, hatari kubwa ni kuziacha ghafla baada ya wiki kadhaa: tezi za juu ya figo zimelala, na kijana anaweza kuishiwa nguvu, kutapika na kuanguka presha. Aonwe na daktari ampunguzie hatua kwa hatua.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wasichana, zaidi wale waliokuwa wanene tangu awali. Akiongeza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 ya kwanza, ataelekea kuendelea. Azungumze na mtoa huduma kuhusu njia nyingine. Sodiamu valproeti ya kifafa, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, nazo huongeza hamu. Baadhi ya wanaotumia ARV zenye dolutegravir pia huongezeka uzito. Katika hizi zote, kijana asiache dawa kwa uamuzi wake. Aende kliniki aseme.

Tuombe vipimo gani?

Presha, sukari ya kufunga (asile masaa 8, maji tu anywe), lehemu (kolesteroli), na kimeng'enya cha ini ALT. Sukari ya kufunga ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi ni kisukari, ikithibitishwa siku nyingine. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, ya asilimia 6.5 kwenda juu nayo ni kisukari, 5.7 hadi 6.4 ni tahadhari.

Lakini kwetu HbA1c ina dosari kubwa. Kanda ya Ziwa ina selimundu (sikoseli) nyingi. Mwenye selimundu chembe zake nyekundu haziishi muda wa kawaida, kwa hiyo kipimo husoma chini ya ukweli: karatasi inasema 5.2 huku sukari iko juu. Malaria iliyovunja chembe na kuongezewa damu karibuni huharibu majibu vilevile. Mwambie mtaalamu wa maabara mapema, na tegemeeni sukari ya kufunga. Kupima leptini, grelini au "homoni zote" kwa kifurushi hakubadilishi matibabu. Ni fedha iliyopotea. Kipimo cha insulini nacho kwa wengi hakina ulazima.

Ale nini basi?

Lengo la kwanza kwa anayeendelea kurefuka ni kilo zisimame, si zishuke. Yule binti wa kilo 60: akifika mita 1.60 na kilo zilezile, BMI yake imeteremka hadi 23.4 bila kupoteza hata kilo moja.

Anzeni na vya kunywa. Soda ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 39 za sukari, vijiko 9 vya chai, na kimiminika hakishibishi kama chakula cha kutafuna. Juisi ya miwa na vinywaji vya kuongeza nguvu ni ndugu zake. Kuacha kinywaji kimoja kwa siku ndiko kunakoleta tofauti haraka kuliko jambo lolote jikoni.

Sahani: nusu mboga, mchicha, mlenda au kisamvu, robo ugali, kiasi cha ngumi yake mwenyewe, na dona ni bora kuliko sembe, robo iliyobaki dagaa, sato au maharage. Protini na nyuzinyuzi ndizo zinazoamsha GLP-1 na PYY. Dagaa wanaoliwa na mifupa hutoa kalsiamu ambayo umri huu unaihitaji mno. Samaki awe wa mchemsho au wa kuchoma: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120, na dagaa waliozamishwa kwenye karai wanakunywa zaidi ya kijiko kimoja. Michembe na matobolwa ni chakula chetu kizuri, ila ni viazi vilivyokauka. Konzi moja ni viazi kadhaa, kwa hiyo vinahesabiwa kama wanga wa mlo, si cha kutafuna huku mtu anasubiri ugali.

Kuruka chai ya asubuhi hakusaidii. Anafika saa nne na njaa kali, na getini kuna maandazi na chipsi mayai. Yai la kuchemsha na kiazi kitamu kimoja nyumbani ni nafuu kwa kila hesabu.

Mazoezi ni lazima ikiwa amebana chakula?

Ndiyo, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata insulini ikiwa haisikiki vizuri. Dakika 60 kwa siku kwa wastani, na siku tatu kwa wiki ziwe za kutumia nguvu. Anayekaa milimani Mabatini au Bugarika ana gimu bure: apande na ndoo ya maji, asichukue bodaboda hadi mlangoni. Asiyezoea aanze na dakika 15.

Vipi sindano za kupunguza uzito tunazoziona mitandaoni?

Semaglutaidi huiga GLP-1. Marekani iliidhinisha kipimo cha miligramu 2.4 kwa wiki kwa vijana wa miaka 12 kwenda juu wenye kiribatumbo, Desemba 2022. Inafanya kazi, na hamu ya kula hupungua kweli. Huleta kichefuchefu na kutapika, huweza kuleta mawe ya nyongo na uvimbe wa kongosho, lazima itunzwe kwenye baridi, na ikiachwa uzito mwingi hurudi. Kalamu iliyosafiri kwenye begi la basi siku nzima bila barafu, ikauzwa kwa ujumbe wa simu, huna namna ya kujua iliyomo. Chai za "kukata mafuta" mara nyingi ni dawa za kuharisha. Zinatoa maji na chumvi, mafuta yanabaki.

Lini niende hospitali leoleo, si kesho?

Kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, kukonda huku anakula, kutapika, tumbo kuuma, pumzi nzito za haraka au harufu ya matunda mdomoni: hiyo ni sukari iliyopanda kwa hatari, usisubiri asubuhi wala usimpe soda "apate nguvu". Vilevile kichwa kinachouma kila siku pamoja na macho kuona ukungu au viwili viwili.

Yasiyo ya dharura yaanzie kituo cha afya, kisha kwa rufaa hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Beba kadi ya kliniki ya utotoni, maana mistari ya ukuaji iliyochorwa humo inamwambia daktari unene ulianza lini. Orodha ya dawa na krimu zote, pamoja na zile za siri. Tarehe za hedhi za miezi 6. Na urefu wa wazazi wote wawili. Mpe kijana nafasi ya kuongea na daktari peke yake dakika chache. Mambo ya vidonge vya makalio, sindano ya uzazi wa mpango na kula kwa kujificha hayasemwi mbele ya mama.